Jina Langu Kwenye Orodha ya Mashine

Karatasi niliyosaini siku ya kuajiriwa ilikuwa na mistari tisa, na mimi niliuogopa mmoja tu. Ulisema: mfanyakazi akifungua faili la ndugu yake, mfanyakazi anaondoka kazini, na faili hilo linarudi mwisho wa foleni. Shefu wetu, mkuu wa ofisi, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, aliweka kidole juu ya mstari huo akaniambia, "Hapa, mademwazeli, usome mara mbili." Nikasoma mara mbili. Nikasaini, na mkono ulivyotetemeka, saini ilitoka kama ya mtu mwingine.

Ofisi yetu ya Gitega, Burundi, ilitunza mafaili ya mashamba yenye kesi, na humo ndani kulikuwa na faili la mama yangu. Mama aliikimbia Bugendana, kwetu, wakati wa vita, mimba yangu ikiwa na miezi saba. Nikazaliwa Tanzania, kambini, nikasoma huko, nikajifunza kompyuta huko kwenye darasa la mabati. Amani iliporudi na sisi tukarudi, tulikuta shamba lina mtu. Hakuwa mwizi, lazima niseme ukweli. Alizaliwa pale, wazazi wake walilikuta halina mwenyewe wakalima, na yeye akaendelea kulima. Mama akapanga vyumba viwili Yoba, mtaa wa Gitega, akafungua kesi, akaanza kusubiri. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: kulima lile shamba kabla magoti yake hayajamkatalia. Kila asubuhi aliyakanda kwa mafuta ya mawese na kuyasemesha, "Subirini, subirini kidogo."

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nimekishika mkononi. Nikiteleza mimi, anayeanguka ni yeye.

Kazi yenyewe, kwa mtu asiyeijua, ilikuwa hivi. Juu ya kila meza kulikuwa na kijisanduku chembamba, kidogo kuliko Biblia ya mama, kimeunganishwa na skrini na kibodi. Kijisanduku hicho hakina akili yake chenyewe. Mafaili yote yalikaa kwenye mashine kubwa, seva, iliyofungiwa kwenye chumba cha nyuma. Tena vile vijisanduku ni visahaulifu. Unabadilisha kitu, iwe saa, iwe rangi, iwe lugha ya kibodi, umeme unakatika, na kikiwaka tena kimerudi vilevile kilivyokuja. Ukitaka kikumbuke, lazima uingie kwa ruhusa ya juu na kukiambia: hifadhi hii. Usipokiambia, ulichofanya ni kazi bure.

Ruhusa ya juu nilikuwa nayo mimi. Mimi ndiye niliyegawa: huyu asome tu, huyu asome na kuandika, huyu asiguse kabisa. Na mtu akikosea paswedi mara tatu, mashine imfungie nje. Sheria hiyo ya mara tatu niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijiona hodari kweli.

Sasa niseme dhambi yangu. Siku moja, mchana kweupe, nilikuwa najaribu, kwa jina langu mwenyewe, kama karani wa kusoma anaweza kufungua faili bila kuliharibu. Nilihitaji faili moja la kujaribia. Mafaili yalikuwa maelfu, jamani, maelfu! Vidole vyangu vikaandika jina la kilima chetu, maana kwetu kijiji ni kilima, halafu jina la mama. Nilijiambia ni jaribio tu. Uongo mtupu. Nilitaka kuona.

Likafunguka. Nikaona shamba letu limeandikwa kwa maneno makavu, kutoka kijitoni, kupita mstari wa miparachichi, mpaka juu kabisa. Nikaona jina la yule mwanamume, na watoto wake sita. Nikaona kwamba kesi ingesikilizwa baada ya mavuno ya maharagwe. Sikugusa hata herufi moja. Nikafunga, nikainuka, nikaenda kunywa maji, nikayarudisha kabla hayajafika mdomoni. Maana nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka kabla: seva huandika kila kitu. Nani kafungua nini, siku gani, saa ngapi. Na orodha hiyo hata mimi mwenye ruhusa ya juu siwezi kuifuta. Anaweza fundi mmoja tu, yule wa Bujumbura aliyetufungia mitambo.

Kambini tulilelewa na orodha. Orodha ya chakula, orodha ya wanaohamishwa, orodha inayosomwa kwa kipaza sauti watu wote wakiwa kimya. Mama alizoea kusema kwamba orodha ikisomwa, tumbo linasikia kabla ya sikio. Siku ile tumbo langu lilisikia. Nikakaa wiki mbili nikiruka kila simu ya ofisi ilipolia, na hakuna aliyesema kitu, na nikaanza kupumua kidogo.

Ndipo shefu akanituma Muyinga. Tawi letu la kule lilikuwa limeletewa vijisanduku sita, vya kuunganishwa kwa intaneti na seva yetu ya Gitega. Nikashika njia ya Karuzi na begi la nyaya. Ofisi ya Muyinga ilikuwa vyumba viwili karibu na soko, na makarani watano ambao hawakuwahi kukimbia nchi hata siku moja. Walinipokea vizuri, wakaninunulia Fanta, na kabla sijaimaliza walikuwa wameshanipa jina: Mutanzania. Nilicheka nao. Ndani sikucheka.

Kuna jambo lingine mlijue. Mikono yangu ilijifunzia kibodi ya Tanzania, ile ya Kiingereza, na mimi huandika bila kutazama chini. Burundi kibodi ni za Kifaransa. A imekaa palipo Q, M imehama, na hata namba mpaka ubonyeze kitufe kingine. Sikutaka kujifunza upya. Kiburi, basi. Kila nilipoketi, kitu cha kwanza niliiambia mashine isome vidole vyangu kwa mpangilio wa Kiingereza, halafu sikujali kilichochorwa juu ya vitufe. Pale Muyinga nilifanya vilevile kwenye kijisanduku nilichojitengea. Ila mazungumzo ya Fanta yalikuwa matamu, na sikukiambia kihifadhi.

Saa nane umeme ukakatika. Ukarudi baada ya dakika kumi. Nikaketi tena, nikaingia kwa paswedi yangu ya zamani, fupi, isiyo na A wala M wala namba, nikaendelea kutengeneza paswedi za makarani watano, na ya kwangu nikaibadilisha pia kwa ajili ya usalama. Paswedi haionekani unapoiandika, ni vidoti tu. Mashine inakuomba uiandike mara mbili kuhakikisha. Niliandika mara mbili kila moja, haraka haraka, kama mtu anayemenya viazi alivyovizoea. Nikaziandika na kwenye vikaratasi kwa kalamu, nikawapa. Kesho yake asubuhi nilianza barua ya ripoti, nikaona herufi zinatoka ovyo, nikajisemea, "Aa, nilisahau kuhifadhi." Nikarudisha kibodi yangu, safari hii nikahifadhi kabisa, barua ikaenda sawa, nikaimaliza na kutoka kwenye mashine. Jinsi nilivyo mjinga, nilifurahi.

Saa mbili ofisi ikafunguliwa. Kwenye benchi la nje watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri, wengine wametembea kutoka vilimani, wakisubiri karatasi za kesi zao zichapishwe. Karani wa kwanza, mama wa makamo mwenye miwani, akaandika paswedi yake. Ikakataa. Akaandika tena huku anasoma kikaratasi kwa sauti. Ikakataa. Mara ya tatu akaniita, "Dada, mi ninajaribu, iko inasema ime-bloquer." Wa pili naye. Wa tatu naye. Kufikia saa tatu kasoro, wote watano walikuwa wamefungiwa nje.

Nikasema, "Ngojeni, mimi nafungua." Nikaketi kwenye kijisanduku changu, nikaandika paswedi yangu mpya. Ikakataa. Nikaandika polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa.

Nikainua mikono kutoka kwenye kibodi kama mtu aliyegusa jiko. Lilikuwa limebaki jaribio moja. Nikikosea na hilo, mafaili yote ya Muyinga yangekuwa yamefungwa, na mwenye ufunguo angekuwa yule fundi wa Bujumbura peke yake.

Nyuma yangu karani mmoja kijana alisema kwa Kirundi, akidhani sisikii vizuri, kwamba hawa abahungutse, hawa waliorudi, wameanza kuwafungia wengine mafaili yao. Mwenzake akamwambia anyamaze. Yule wa miwani akajaribu kutania, "Mutanzania, umetufungia mulango na ufunguo umetia mfukoni?" Hakuna aliyecheka. Kwenye benchi la nje habari ilikuwa imeshafika, na mzee mmoja akasimama mlangoni akanitazama tu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nikatoka uani kumpigia shefu. Nilimweleza, na sauti yangu ilikuwa inapanda peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, na upole wake ukanitisha kuliko kelele.

"Usilie," alisema. "Nitamwita fundi wa Bujumbura. Kesho asubuhi atakuwa Gitega. Nitamwambia atoe na orodha yote, kila mtu na kila faili alilofungua, tangu mwanzo. Tujue vizuri kumetokea nini."

"Orodha yote, shefu?"

"Yote. Ni kwa faida yako pia. Watu wataongea."

Mana yanje, Mungu wangu! Nilikaa chini pale pale uani, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwona mama na chupa yake ya mawese. Nikamwona anaambiwa kwamba kesi yake imerudi mwisho wa foleni, nyuma ya maelfu ya watu, na aliyeirudisha ni binti yake mwenyewe aliyejisomea kompyuta. Magoti yale yasingesubiri foleni ya pili. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi zangu hazikufika hata ishirini.

Nikaamua niandike barua ya kuacha kazi. Nilidhani nikiondoka mwenyewe kabla ya fundi kufika, labda hawatahangaika na faili la mama. Ilikuwa akili ya mtu mwenye hofu, haina hesabu. Kwa kuwa ofisini sikuweza kuingia kwenye mashine hata moja, nilikwenda sokoni kwa Mkongomani mmoja wa Uvira aliyekuwa na kibanda cha kuuza simu, kupiga fotokopi na kuandikia watu barua. Alikuwa mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Akanipisha kwenye kompyuta yake, akaendelea kubishana na mteja juu ya chaji.

Nikaanza kuandika. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi na nilikuwa natazama ukutani, kwenye kalenda yake. Niliandika mistari mitatu hivi, maneno ya heshima, ya kuomba radhi. Akaja nyuma yangu kutazama, akaguna.

"Dada, iyi uko unaandika ni luga ya wapi? Kiswahili mi najua, Kifaransa mi najua. Iyi hapana."

Nikatazama. Ulikuwa uchafu mtupu, Q kila mahali palipotakiwa A, alama za ajabu palipotakiwa namba. Kibodi yake ilikuwa ya Kifaransa na mikono yangu ilikuwa ya Tanzania.

"We ulijifunzia Tanzania, eh?" akasema anacheka. "Vidole yako ingali kule. Haijarudi."

Nilikuwa nimesimama. Umeme ulikatika saa nane. Sikuwa nimehifadhi. Kijisanduku kilikuwa kimerudi kwenye Kifaransa chake, na mimi nikaendelea kupiga paswedi kwa vidole vya Kiingereza bila kuona, vidoti tu, mara mbili kila moja, na kila mara uchafu uleule. Makarani walikuwa wanaandika nilichowapa kwenye karatasi, na mashine ilikuwa inangoja uchafu wangu. Na kijisanduku changu, baada ya mimi kukirekebisha asubuhi na kukihifadhi kwa majivuno, ndicho kilichonikatalia mimi mwenyewe.

Nilikimbia. Mtu mzima, na sketi ya ofisi, nilikimbia katikati ya soko la Muyinga. Nikaingia, nikamwomba yule mama wa miwani anipishe kwenye kijisanduku chake, ambacho sikuwa nimekigusa, ambacho kilikuwa bado cha Kifaransa. Wote wakanizunguka. Jaribio moja. Kama nimekosea kufikiri, basi. Nilisali kwa Kirundi, maana hofu yangu ya ndani kabisa husema Kirundi. Nikafumba macho, nikaiacha mikono iandike kama ilivyofunzwa kambini, bila mimi kuiingilia.

Ikafunguka.

Yule wa miwani alipiga vigelegele. Nikawafungulia wote watano, nikawatengenezea paswedi mpya, safari hii kila mmoja akiandika mwenyewe kwa vidole vyake. Yule kijana wa maneno ya pembeni aliniletea kiti cha mgongo na hakunitazama usoni. Nikampigia shefu. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, na akasema atampigia fundi asisumbuke kuja. Nilifunga simu, nikaanza kukusanya nyaya zangu na kuzirudisha begini.

Mngedhani yaliishia hapo. Niliporudi Gitega shefu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Kuna watu wangekimbia. Wewe ulikaa ukatafuta." Sikumwambia kwamba nilikuwa nakimbia, na barua nilikuwa nimeianza. Akaendelea kwamba tukio lile limemfundisha kitu: orodha ya seva haisomwi na mtu yeyote. Kuanzia sasa isomwe kila Ijumaa, na mara ya kwanza isomwe tangu mwanzo. "Na atakayeisoma ni wewe. Nakuamini wewe." Akanipa fomu. Mwishoni palikuwa na mstari: waliofungua faili la ndugu. Pa kuandika jina, na pa kusaini.

Ijumaa ya kwanza niliifungua orodha tangu mwanzo kabisa, kama nilivyoagizwa. Niliteremka nayo polepole. Nikajikuta. Jina langu, tarehe, saa, na pembeni yake jina la mama. Nilikitazama kile kistari kimoja mpaka skrini ikajizima yenyewe. Nilikuwa na kalamu. Niliweza kuandika jina langu. Niliweza pia kwenda mlango wa pili na kusema kwa mdomo, na labda yule mama mpole angenisamehe, labda angesema faili libaki palepale kwa kuwa halikuguswa. Labda. Lakini labda haikandi magoti ya mtu.

Nikaandika: hakuna. Nikasaini. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Kesi ilisikilizwa baada ya mavuno, kama lilivyosema faili ambalo sikupaswa kulisoma. Mama alipewa kutoka kijitoni mpaka kwenye miparachichi. Yule mwanamume alipewa sehemu ya juu, na akamshika mama mkono mbele ya watu wote. Mama alilia, akaimba njia nzima kurudi Yoba. Mwezi huohuo alihamia Bugendana kwenye kibanda cha udongo, na nilipoenda kumsaidia kulima mara ya kwanza nilimkuta amesimama katikati ya mashina ya migomba, anaongea na ardhi kwa sauti. Hakuwa ameyataja magoti hata mara moja.

Sikuweza kuvumilia. Nilidhani nikimwambia yeye, mzigo utapungua. Tulikuwa tumeketi tunakula mihogo ya kuchemsha, nikamweleza yote: kufungua, orodha, Muyinga, lile neno nililoandika. Nilitegemea anikemee, au anikumbatie. Mama aliweka chini muhogo wake.

"Jina lako bado limo mle kwenye mashine?"

"Limo, mama. Siwezi kulitoa."

"Na langu liko pembeni yake?"

"Ndiyo."

Alitazama juu, kule anakoishi yule mwanamume na watoto wake sita, akashusha sauti ingawa hakukuwa na mtu karibu. "Usimwambie mtu yeyote. Na mimi hujaniambia." Kisha akainuka, akaanza kulima, akanipa mgongo mpaka jioni.

Ni miaka kadhaa sasa. Kila Ijumaa nasoma orodha na kusaini. Mama bado analima, na shamba limemkubali, maharagwe yake ni mazuri kuliko ya majirani. Ila mtu akipita njia ya chini na makaratasi mkononi, hata akiwa mwalimu tu na madaftari ya wanafunzi, mama husimamisha jembe hewani, na halishuki mpaka mtu huyo apite.